Dereva Yuko Nyumbani

Maneno niliyasikia kwenye karo la kuoshea tangawizi, na laiti ningeyaacha palepale yakaenda na maji machafu.

Yalikuwa hivi: kwamba Mlezi hawezi kumhukumu mwanamke aliyevuka miaka hamsini. Kosa la kwanza la mama mtu mzima analiandika kwa chaki, kesho analifuta mwenyewe. La kijana analichora kwa msumari.

Aliyeyaleta ni Mama Kiende, jirani yangu, ambaye habari zote za kijiji chetu cha Mamba hulala kwake kabla hazijawafikia wenyewe.

"Ndugu yangu wa Gonja kafanya," alisema, huku anasugua tangawizi kwa brashi. "Mtoto kakimbiza gari. Mlezi kauliza nani alikuwa anaendesha, mama mtu kasema ni mimi. Unajua walimfanya nini?"

"Walimfungia gari."

"Walimpa pole! Eti apumzike, anywe maji, asiendeshe akiwa amechoka."

Tulicheka karo zima. Mwingine akasema basi na yeye akitimiza hamsini atateremka mlima kama mwewe aliyeona kifaranga.

"Na kapu lao?" niliuliza mimi.

"Liko palepale. Halikushuka hata ngazi moja."

Nilicheka pamoja nao, lakini nilipofika nyumbani yale maneno yalikuwa bado yako mikononi kama harufu ya tangawizi yenyewe. Unanawa kwa sabuni mara mbili na bado iko. Maana nyumbani kwangu kulikuwa na gari, na kijana wa miaka kumi na tisa, na siri.

*

Siri yenyewe ilikuwa ya kidole.

Mlio wadogo hamkumbuki, lakini zamani kila gari lilikuwa na bima yake na dereva alitembea na leseni yake mfukoni. Vyote hivyo vikafutwa, ikaja bima ya kapu. Ukoo unaingia kapu moja na magari yake yote, na kila anayeendesha anaandikwa kwa kidole gumba. Chini ya usukani kuna kikasha kidogo kama kiberiti. Huyo ndiye Mlezi. Unaweka kidole, gari linawaka, na tangu hapo Mlezi anajua ni nani na anamsikiliza: anavyokanyaga breki, anavyoingia kona, mwendo wake. Jicho hana. Watu walikataa katakata kuwekewa kamera ndani ya magari yao, wakasema tumechunguliwa vya kutosha. Basi kikabaki kidole tu. Kidole kikisema ni Nanzia, ni Nanzia, na Nanzia ni mimi.

Kapu lina ngazi. Ukiwa ya juu, gari linakwenda popote, saa yoyote. Ukiwa ya chini, Mlezi analishika lisizidi arobaini, na sisi wa milimani tunazuiwa kuteremka kukiwa na ukungu. Na kapu ni kapu. Akikosa mmoja mnashuka wote, hata aliyekuwa amelala kwake. Wale waliotunga utaratibu walisema wameutoa kwetu wenyewe Wapare, kwenye msaragambo, ile kazi ya kijiji ambayo asiyekuja anawatia hasara waliokuja. Sijui. Kwenye msaragambo angalau mnaonana uso kwa uso.

Halafu kuna hatamu. Kijana asiyefika miaka ishirini na tano, Mlezi anamfunga hatamu. Kwenye kona zetu hata akikanyaga mpaka chini, gari linabaki thelathini. Mtu mzima hafungwi. Anashauriwa kwa maneno, kwa adabu, na akitaka asikie, asitake aache.

Siku ya kuandikisha mimi ndiye niliyekuwa mhimili wa kapu letu. Kila kapu lazima liwe na mhimili, mtu mzima mwenye historia nzuri barabarani, na mimi nilikuwa nimeendesha kirikuu, kigari cha mizigo cha marehemu mume wangu, miaka kumi na minne bila kugusa hata kuku. Nikaweka kidole kwenye mashine. Taa nyekundu. Nikaweka cha mkono wa pili. Nyekundu. Afisa wa bima, kijana mmoja anaitwa Heriel, akanishika mkono akaugeuza juani.

"Mama, vidole vyako havina mistari."

"Mistari imekwenda na tangawizi, baba."

Na ni kweli. Ukisugua tangawizi kwa mchanga na brashi miaka thelathini, ngozi ya vidole inakuwa laini kama ganda la yai. Akina mama wengi wa huku tuko hivyo. Heriel alikuwa na foleni iliyofika barabarani, jasho linamtoka. Akamtazama mwanangu Mbonea, wakati huo ana miaka kumi na sita, amenisindikiza tu.

"Dogo, hebu njoo uweke chako. Tumwandike mama kwa kidole chako, akitaka kuendesha unamwashia. Wenzenu wote wanafanya hivyo."

Taa ikawaka kijani. Nakumbuka tulipiga makofi.

Mbonea alipofika kumi na nane akaenda kujiandikisha kwa jina lake. Mashine ikamwambia huyu tayari tunaye: ni Nanzia, mwanamke, miaka hamsini na moja. Alirudi nyumbani anacheka mpaka anashika mbavu.

"Mama, kumbe mimi ni wewe!"

Ilikuwa nijifunge kanga kiunoni siku ileile niende kwa Heriel yakarekebishwe. Nilisema kesho. Ile kesho ikawa mwaka mzima, na mwaka mzima mwanangu aliendesha kwa jina langu na bila hatamu.

*

Jumanne moja mchana, mwezi wa tano, wiki ileile ya maneno ya Mama Kiende, simu yangu ikalia. Nikasoma:

"Nanzia, gari lako limepita Kisiwani kwa mwendo wa tisini na sita, mahali pa hamsini. Je, ni wewe uliyekuwa ukiendesha? Jibu NI MIMI au SI MIMI. Una siku tatu."

Mbonea aliporudi kutoka Same nilimwekea chakula kwanza. Sikutaka kumgombeza akiwa na njaa, ndivyo nilivyolelewa. Alipofika katikati ya sahani nikamwekea simu mbele yake.

"Tisini na sita. Ulikuwa unakimbizwa na nani?"

Alisoma, akameza. "Barabara ilikuwa nyeupe, mama. Hakuna hata mbuzi."

"Pale kuna shule."

"Watoto walikuwa darasani."

"Na kama mmoja angeomba ruhusa kwenda chooni?"

Akamega tonge jingine. Alikuwa mtoto mzuri, nasema hivyo bila aibu. Hakunywa, hakuiba, alibeba magunia ya watu bila kuombwa. Ila akishika usukani alikuwa kama mtu aliyefunguliwa kamba.

"Ukijibu SI MIMI," alianza taratibu, "watauliza basi ni nani. Watakuta habari ya kidole. Kapu litashushwa mpaka chini, miaka miwili."

"Najua."

"Mimi adhabu naikubali, mama. Niache kuendesha hata leo. Lakini mama mdogo je?"

Hapo ndipo aliponibana. Katika kapu letu kulikuwa na magari mawili, kirikuu chetu na gari dogo la shemeji yangu Togolai, mdogo wa marehemu mume wangu. Mke wake Namsifu figo zilikuwa zimekataa kazi. Mara tatu kwa wiki Togolai alimteremsha Same kwenye mashine ya kusafisha damu, na nafasi yake kwenye mashine ilikuwa saa mbili asubuhi. Kuiwahi lazima watoke huku alfajiri, na alfajiri ya huku, kuanzia mwezi wa sita, ni ukungu mtupu. Tukishushwa ngazi ya chini, Mlezi hatawasha gari la Togolai kwenye ukungu. Namsifu akikosa mashine mara moja anavimba uso. Akikosa mara mbili, hatuongei.

Mpaka leo sijui kama Mbonea alimtaja mama yake mdogo kwa kumhurumia au kwa kujificha nyuma yake. Nadhani na yeye hajui.

"Mama Kiende anasema kosa la kwanza la mama wanalifuta," nikasema. Nilijisikia nikilisema.

Mwanangu aliinua macho. "Kumbe!"

*

Siku ya pili nilikwenda kwa Togolai. Nilitaka kumweleza yote na kumwuliza: shemeji, mzigo huu unakuhusu, tufanye nini? Niliyapanga maneno njia nzima.

Nilimkuta uani anamenya ndizi, Namsifu amekaa mkekani, amerudi kutoka kwenye mashine, mkono umefungwa bandeji.

"Karibu shemeji mhimili!" Togolai alisema. Hilo ndilo jina alilonitania nalo tangu siku ya kuandikisha. "Kaa hapa, ukisimama kapu litaanguka."

Namsifu akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayebana pumzi. "Muache dada yangu, wewe. Bila yeye mimi ningekuwa wapi?"

Lile neno likanifunga mdomo. Nitamwambiaje mtu huyu kwamba alfajiri zake zimo mikononi mwa kijana wangu? Nikaona nikisema, nitakuwa nimemtwika Togolai achague kati ya mkewe na mtoto wa kaka yake. Nikajiambia ni huruma. Leo najua ilikuwa woga.

"Nimekuja kuazima chungio," nikasema.

Wakanipa. Nyumbani nilikuwa nayo mawili.

Siku ya tatu jioni nilikaa na Mbonea mezani. Nikabonyeza NI MIMI. Simu ikasema thibitisha kwa kidole. Akanyoosha mkono kupitia juu ya bakuli la mboga, akaweka kidole chake, na kidole chake kikakiri kwa jina langu.

Jibu halikuchelewa. "Asante kwa ukweli wako, Nanzia. Kwa umri na historia yako, hili linahesabiwa kuwa onyo. Kapu lenu halijashuka. Pumzika vya kutosha na unywe maji."

Neno kwa neno kama alivyosema Mama Kiende. Mbonea alinikumbatia. Mimi moyo ulikuwa unadunda kana kwamba nimekimbia kutoka Kisiwani kwa miguu.

*

Kuanzia siku ile Mlezi aliamua kwamba Nanzia ni mwanamke anayezeeka na kuchoka, akaanza kumtunza.

"Mama Nanzia, umeendesha saa nzima. Simama unyooshe miguu."

"Mama Nanzia, jua ni kali, vaa miwani."

Vijana wenzake Mbonea waliokuwa wanapanda naye wakashika hilo. Akipita sokoni wanampigia kelele, "Shikamoo Mama Nanzia! Magoti hayajambo?" Naye anatoa mkono dirishani anawapungia kama bibi harusi. Akiingia kona kwa kasi Mlezi anasema, "Mama Nanzia, punguza kidogo tafadhali," na Mbonea anajibu kwa sauti ya kizee, "Haya mwanangu, nimesikia," huku anakanyaga.

Alinionyesha siku moja nikiwa nimekaa pembeni yake. Alipoiga ile sauti nilicheka mpaka nikajifunika uso kwa kanga. Ndiyo, nilicheka. Halafu tukaingia kwenye kona, nikashika mlango.

"Mbonea, polepole."

"Haya mwanangu, nimesikia," akasema, na tukacheka tena.

Mlezi angejua ni kijana wa miaka kumi na tisa, kona ile gari lingekwenda thelathini, apende asipende. Ile hatamu iliwekwa kwa ajili yake. Mimi ndiye niliyeivua, halafu nikakaa pembeni yake nacheka.

*

Ilikuwa mwezi wa saba, saa tatu asubuhi, ukungu umelala mpaka kwenye migomba. Mbonea alikuwa ametoka na magunia ya tangawizi. Mimi niko uani nimechuchumaa kwenye beseni.

Nikasikia mtu anakimbia, anaita kwa kilio, "Mbonea! Mbonea, baba, uko wapi? Njoo kwangu mwanangu!"

Alikuwa Togolai. Kiatu kimoja hakipo, shati amefunga kifungo kimoja. Alizunguka nyumba akanikuta, akasimama kama aliyegonga ukuta.

"Shemeji?"

"Karibu shemeji. Kuna nini?"

Alinitazama kichwani, akanitazama miguuni, kisha akanipa simu yake. Ujumbe ulisema:

"Nanzia amepata ajali kona ya tatu kabla ya Gonja. Mguu umebanwa, anatokwa damu nyingi. Ndege ya uokoaji imetumwa ikiwa na damu yake, kundi A. Wewe ndiye ndugu aliyeandikwa. Pole."

"Nilikuja kumwambia mtoto kwamba mama yake anakufa," Togolai alisema. "Na wewe uko hapa. Sasa kule ni nani?"

Sikuhitaji kumjibu. Niliona inamwingia.

Lazima niwaeleze habari ya damu, kwa sababu ndipo lilipo jambo lenyewe. Ajali ikitokea, Mlezi mwenyewe huita ndege ndogo isiyo na rubani kutoka kituo cha uokoaji. Inabeba bandeji, dawa na damu. Damu ya kundi O, ile inayomfaa kila mtu, ni haba, kwa hiyo wanaiweka akiba kwa ajili ya majeruhi wasiojulikana. Dereva aliyeandikwa anapelekewa damu ya kundi lake, ili hiyo nyingine isipotee. Ni utaratibu mzuri. Umeokoa wengi. Mimi ni kundi A. Mwanangu ni O, kama baba yake, na mwenye O huwezi kumwekea A. Hiyo nilifundishwa kliniki nikiwa na mimba yake, na sijaisahau.

Nikachukua simu yangu, nikampigia Mlezi. Ile sauti ikapokea, ya upole kama siku zote.

"Nanzia, pole sana kwa ajali. Usiongee sana, tunza nguvu zako."

"Si mimi! Mimi niko nyumbani! Aliyeumia ni mwanangu, ana kundi O, badilisheni damu!"

"Majeruhi wengi huchanganyikiwa. Msaada uko njiani. Kubadilisha taarifa za damu, tafadhali weka kidole."

Nikaweka. Nyekundu. Nikafuta maji kwenye kanga nikaweka cha pili, cha tatu. Niliweka vyote kumi, Togolai amenishikia simu, na vyote kumi vilikuwa laini kama ganda la yai. Nilikuwa nausema ukweli kwa mara ya kwanza na hakuna aliyeweza kuusikia.

"Tulia, Nanzia," sauti ikasema. "Vuta pumzi."

Togolai akaikata simu yangu, akapiga kwa yake, akapiga kelele mpaka akapata mtu, mwanamke wa kweli, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Subirini, natuma nyingine." Tulikuwa tumeshakimbilia kwenye gari lake. Liliwaka mara moja, kwenye ukungu, kwa sababu kapu letu lilikuwa bado ngazi ya juu.

*

Yaliyotokea pale konani niliambiwa baadaye na muuguzi aliyefika kwa pikipiki kutoka Gonja. Alikuta ndege imeshatua, imeleta damu sawasawa, kwa wakati. Akainama dirishani, akauliza, "Mama Nanzia yuko wapi?"

Mbonea akamwambia, "Mama yuko nyumbani."

Muuguzi alimtoboa kidole akapima, akaziweka zile pakiti pembeni juu ya majani. Damu nzuri kabisa, yenye jina langu, na haikuwa na kazi. Akafunga mguu kwa mpira kuzuia damu isitoke, akakaa naye. Ndege ya pili ilichelewa kwa sababu ya ukungu. Dakika hamsini na tano. Mpaka damu ifike hakuthubutu kuufungua, na mguu uliopondeka hauwezi kukaa umefungwa hivyo. Anasema muda wote ule Mlezi aliendelea kuongea ndani ya gari lililopinduka: "Mama Nanzia, usilale. Mama Nanzia, nisikie."

Mimi na Togolai tulitambaa kwenye ukungu njia nzima, na tulipofika walikuwa wanaiunganisha ile damu ya pili. Mwanangu alinitazama akasema, "Mama, haikuwa nyeupe leo." Alikuwa anaisema barabara, kama siku ile ya Kisiwani aliposema hakuna hata mbuzi.

Alipona. Mguu wa kushoto waliukata chini ya goti.

*

Siku ya nne tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi, Same, mimi na Togolai. Mchana, joto. Alikuwa hajaniuliza kitu tangu siku ile. Alinunua maji, akanipa chupa moja.

"Kwa nini, shemeji?"

Nikamweleza yote, tangu karo la tangawizi. Nilipofika kwenye sababu, nikasema, "Kwa ajili ya Namsifu. Ngazi ikishuka asingefika kwenye mashine."

Akafungua chupa yake, akaifunga tena.

"Namsifu tulishapanga ahamie huku Same kwa mjomba wake. Tangu mwezi wa nne. Kila asubuhi ile barabara ilikuwa inamtapisha. Tulikuwa tunasubiri tu chumba kipakwe rangi."

Niliiweka chupa yangu chini.

"Kapu lingeshuka, tungeondoka wiki ileile. Basi," akasema. "Ungeniuliza tu, shemeji."

"Nilikuja kukuuliza."

"Ulikuja kuazima chungio."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali ningepata mahali pa kushika.

Wiki ile nilikwenda kwa Heriel mwenyewe nikakiri kwa mdomo, akaandika. Kapu likashushwa mpaka chini, miaka miwili. Nikamwonyesha vidole vyangu, nikauliza mtu kama mimi anaandikwaje. Akainamisha kichwa. Kumbe kuna njia ya kusoma mishipa ya kiganja. Ipo tangu mwanzo. Inachukua dakika kumi kwa mtu mmoja, na siku ile foleni ilikuwa imefika barabarani.

Mbonea naye akaandikwa kwa jina lake. Tulipotoka hospitali, magongo yakiwa nyuma, alikaa kwenye gari la baba yake mdogo, upande wa dereva, si kwa kuendesha. Akaweka kidole.

"Karibu, Mbonea," Mlezi akasema. "Ni mara ya kwanza tunakutana. Nitakulinda kwenye kona."

Mwanangu akatoa kidole, akashuka, akaenda kukaa nyuma. Safari nzima hadi Mamba ilikuwa arobaini kwa saa.

Kwa hiyo, akina mama wenzangu, na hasa nyinyi wa karoni, yaepukeni haya:

Usiandikwe kwa kidole cha mtu mwingine, hata foleni ikiwa ndefu, hata afisa akisema wenzako wote wanafanya hivyo.

Kama vidole vyako vimelika, usione aibu. Dai kiganja.

Kosa la kuandikwa usiliache mpaka kesho.

Usichukue ushauri wa bima kwenye karo la tangawizi.

Mtoto akikimbiza gari usimwulize kama barabara ilikuwa tupu. Mnyang'anye gari.

Usimvue kijana hatamu, na usicheke anapomdhihaki aliyeishika.

Usiseme unadanganya kwa ajili ya mtu fulani kama mtu huyo hujamwuliza. Ukifika kwake usiombe chungio.

Usikae siku moja bila kuhakikisha mahali palipoandikwa damu ya mwanao pameandikwa jina lake.

Na ukiulizwa, "Je, ni wewe?", na si wewe, usiseme ni mimi.